Miaka Mitano Baada ya Kulipa

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nikiwa nimeketi kwenye benchi la benki hapa Garissa pamoja na wanawake wenzangu sita. Sote tulikuwa wauza maziwa ya ngamia kutoka mtaa wa Galbet. Tuliomba mkopo wa kikundi tununue friji, maana kwa joto hili letu maziwa yalikuwa yakiharibika kabla ya adhuhuri, tunayamwaga huku tunayatazama. Sharti lilikuwa kila mmoja amdhamini mwenzake.

Kijana wa benki akatoka na karatasi. "Sahara ni nani?" Nikainua mkono. Akainama ili wenzangu wasisikie. "Mama, jina lako liko CRB. Kuna mkopo wa simu hukulipa. Hatuwezi kuendelea na kikundi kikiwa hivi."

CRB ndiko zinakowekwa kumbukumbu za kila anayekopa, lakini siku hiyo mimi nilisikia tu kwamba nimewaangusha wenzangu.

Deni lenyewe nililijua. Miaka mitatu nyuma, wakati wa ukame, nilikopa kwa simu kununua majani ya mbuzi wa mama yangu kule Hadado. Mbuzi wakafa wote. Mkopo ulikuwa na riba, nikaona haya kumwambia mume wangu. Meseji za kudai zilipozidi, nikaitoa laini, nikaivunja, nikanunua nyingine. Nilidhani yameisha. Kumbe deni limeandikwa kwa kitambulisho changu, wala si kwa laini.

Baada ya swala ya alasiri, mwenyekiti wetu alikuja nyumbani. Tulimwita Habo Halima, kwa kuwa kwetu habo ni mama mdogo, na yeye alitulea sote katika biashara. Nilimweleza kila kitu huku nimeinamisha kichwa, nikingoja anikaripie.

"Ni pesa ngapi?" akauliza. Nikamtajia.

Akanishika mkono. "Hooyo," akaniita, kama mama wa Kisomali anavyomwita mwanawe, "kwa hizo tu umekaa na hofu miaka mitatu, peke yako? Kukosa pesa si kosa. Kosa ni kutuficha."

Wiki ile zamu ya ayuuto, mchezo wetu wa kuchangiana pesa kila wiki na kumpa mmoja zote, ilikuwa yake. Alikusudia kubadilisha mabati ya nyumba yake yaliyokuwa yakivuja. Akanipa bahasha yote. "Lipa kwanza. Utanirudishia zamu yako ikifika."

Kesho yake nililipa, nikakimbia benki nikitaka jina langu lifutwe papo hapo. Yule kijana aliniangalia kwa huruma. "Itaandikwa kwamba umelipa, mama. Lakini kumbukumbu kwamba ulichelewa itabaki miaka mitano."

"Tangu nilipokopa?"

"Hapana. Tangu siku uliyomaliza kulipa. Yaani leo."

Nililia pale pale, mwanangu, mtu mzima mimi. Ningelipa mapema, saa yangu ingekuwa imeshaanza kuhesabu zamani. Ile miaka mitatu ya kujificha haikupunguza hata siku moja.

Niliwaambia wenzangu waombe mkopo bila mimi. Waliomba wakiwa sita, wakapewa. Friji ilipofika, Habo Halima aliwaita wote, akaonyesha rafu ya chini: "Hapa ni pa Sahara." Hakuna aliyebisha. Nilihifadhi maziwa yangu humo miaka yote mitano, nikichangia umeme kama wao, hadi siku nilipochukua ripoti yangu ya CRB nikaikuta safi.

Basi sikia, mwanangu. Mkopo wa simu ni rahisi kuubonyeza, na jina unaloweka rehani ni lako. Ukishindwa kulipa, usitupe laini. Wapigie waliokukopesha, waambie ukweli, omba kulipa kidogo kidogo. Kama tayari umeandikwa, lipa leo, kwa sababu miaka mitano haianzi mpaka umalize. Hifadhi risiti. Omba ripoti yako uisome mwenyewe, usingoje kuambiwa mbele ya watu. Yeyote anayekuomba pesa akikuahidi kulifuta jina lako kesho, anakudanganya. Na mwambie mtu wa nyumbani, hata kama unaona haya. Mume wangu nilipomwambia hatimaye, kilichomuumiza ni kwamba sikumwamini.

Mwenyezi Mungu akupe riziki ya halali inayokutosha, akupe ulimi wa kusema ukweli mapema, na siku utakapokwama, akuletee mtu wa kukushika mkono. Amin.