Mwasi au Mpinzani

Kwa miaka ishirini na miwili Brigid Akwii alikuwa mkalimani wa mahakama mjini Busia, na hakuna mshtakiwa aliyewahi kulalamika kwamba mama huyo alimgeuzia maneno. Kesi zote za Kiteso zilikuwa zake. Wezi wa mbuzi, ndugu waliogombea mpaka wa shamba, vijana waliovusha sukari kwa njia za panya, wote walisema kwa kinywa chake. Kwao Malaba, majirani walizoea kumwona alfajiri akipita kando ya foleni ya malori, viatu vya kazini vikiwa mkobani, vya matope miguuni.

Jumatatu moja ya mwezi wa sita akaletwa mzee Etyang, mkulima na mfugaji wa Angurai. Shtaka lilikuwa uchochezi. Kwenye baraza la chifu alisimama kupinga uwanja wa josho la ng'ombe kuzungushiwa ua ili wapewe watu wasiojulikana, na hati ya mashtaka ilisema aliwaambia wananchi "waasi serikali."

Kabla ya kikao, Okwara, karani wa mahakama hiyo, alimvuta Akwii kando ya korido.

"Mama Vivianne, hii ya Angurai usiikawize. Maneno yake yameshatafsiriwa kwa faili. Wewe soma tu."

"Yametafsiriwa na nani?"

"Sijui, na sitaki kujua. Lakini binti yako Vivianne si yuko kandarasi kwa ofisi ya serikali? Na si inaisha mwezi wa nane?"

Akwii alimtazama. Okwara hakuwa mtu mbaya, alikuwa anamwogopea. Akamshukuru, akaingia ndani.

Ushahidi wenyewe ulikuwa sauti iliyorekodiwa kwa simu, dakika moja hivi. Mzee Etyang alisikika akizungumza Kiteso kwa sauti ya juu, watu wakimwitikia. Akwii aliomba irudiwe. Ikarudiwa. Akaomba tena, na kiongozi wa mashtaka akaguna.

"Mheshimiwa," Akwii akamwambia hakimu, "tafsiri iliyo kwenye faili si sawa. Mzee hakusema waasi. Amesema wakatae."

Kiongozi wa mashtaka akasimama.

"Mheshimiwa, huko ni kucheza na maneno. Anayekataa amri ya serikali si ameasi? Tofauti iko wapi?"

Hakimu, mama wa miwani aliyehamia Busia mwaka huo, aliweka kalamu chini. "Mkalimani, tueleze tofauti."

Akwii alimwaza Vivianne. Halafu akakumbuka kijiji cha Moding, nyumbani kwa bibi yake, mwaka ule jamaa zao wa ng'ambo ya mpaka walipokimbia vita wakajaa uani. Alikuwa mtoto wa miaka kumi na miwili. Usiku wageni hao walitaja kwa kunong'ona neno la Kiteso la watu walioingia msituni na bunduki, na bibi akawanyamazisha, lisitajwe mbele ya watoto.

"Mheshimiwa, Kiteso kina neno la mwasi. Nalijua tangu utotoni, na sijalisikia kwenye simu hii. Mwasi ameshatoka, ameshika silaha, hataki tena kusikizana na wewe. Neno alilosema mzee huyu ni lile analosema msichana akiletewa mchumba asiyemtaka, mbele ya wazee wake wote. Hajatoroka nyumbani. Amekaa pale pale, akasema hapana."

"Sasa mtu wa namna hiyo Kiswahili kinamwitaje?"

"Mpinzani, Mheshimiwa."

"Una hakika?"

"Nimekula kiapo, na niko tayari kula kingine. Akiletwa mkalimani mwingine wa Kiteso asikilize, nitashukuru."

Hakimu akaagiza hivyo hivyo. Baada ya wiki mbili akaja padri mstaafu kutoka upande wa Amukura, mzee asiyemfahamu Etyang wala Akwii. Alisikiliza mara moja tu. "Amesema wakatae," akasema, akaketi.

Upande wa mashtaka ulikuwa umebaki mikono mitupu. Hakimu alisema kupinga uamuzi wa serikali barazani si kosa la jinai, akamwachilia mzee Etyang. Watu wa Angurai waliokuwa wamejibana kwenye mabenchi walipiga vigelegele mpaka askari akawatoa nje. Akwii hakupiga kigelegele, kazi haikumruhusu. Lakini aliiandika tafsiri iliyosahihishwa kwa mkono wake mwenyewe, akaweka sahihi, na siku hiyo herufi zake zilikuwa kubwa kuliko kawaida.

Kandarasi ya Vivianne haikuongezwa. Hakuna aliyetoa sababu. Akwii alipotaka kumwomba msamaha, binti akamkatiza: "Mama, ningebaki kwa ofisi hiyo kwa sababu wewe umenyamaza, ningewatazamaje watu wa Angurai?" Siku hizi anauza mbegu na mbolea sokoni Malaba.

Ile siku ya hukumu, mzee Etyang alimsubiri Akwii nje ya lango, kofia mkononi. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, basi akamuuliza kwa Kiteso.

"Dada, lile neno uliloniita mbele ya hakimu. Ni tusi?"

"Si tusi, mzee. Mpinzani ni mtu anayekataa akiwa amesimama penye watu wote."

Mzee akalijaribu mdomoni, mara ya kwanza likamponyoka, mara ya pili likakaa. Akavaa kofia yake na kuwafuata wenzake, akilirudia kwa sauti.