Ngazi Iliyoogopwa na Benki

Katika mji ule wa viwanda vitatu, cha nguo, cha sabuni na cha saruji, watu hawakuhitaji gazeti kujua hali ya benki yao. Walitazama ngazi ya Fundi Rangi.

Mwenyewe hakuwa na ugomvi na benki yoyote. Alikuwa mchora mabango, mrefu, mpole, mwenye rangi kuchani hata akivaa suti. Ila ukuta wa lile jengo lililokabili lango la kiwanda cha nguo ulikuwa riziki yake. Ujanani aliandika hapo Benki ya Wafumaji. Miaka ikapita, mwenye kiwanda, ambaye benki nayo ilikuwa yake, akamwita aje apake herufi rangi ya dhahabu. Mwezi haukuisha, tajiri akaingia mitini, na akiba za wafumaji zikamfuata huko huko. Ikaja Benki ya Viwanda Vyetu, nayo ikataka aongeze chini ya jina: Fedha Yako Iko Salama. Rangi haijakauka sawasawa, milango ikafungwa kwa muda, na muda huo haujaisha mpaka leo.

Ya tatu ikajiita Benki Thabiti. Fundi aliiandika kwa buluu, na watu wakaanza tena kuweka, maana godoro nalo lina wezi wake.

Miongoni mwao alikuwa mkewe. Mama huyu alifua ovaroli za wafanyakazi wa saruji, kazi ya kuvunja mgongo, kwa sababu saruji ikikutana na maji haina utani. Kila mwisho wa wiki alipeleka benki alichopata. Mwenye nyumba alikuwa anauza vile vyumba viwili walivyopanga, na aliahidi kuwangoja hadi mwaka uishe. Alichokitaka mama wa watu ni kimoja tu: kufunga mlango ulio wake.

Basi asubuhi moja Fundi aliegemeza ngazi kwenye jengo la Benki Thabiti apake fremu za madirisha. Hakuwahi hata kufungua kopo, mpita njia akapiga yowe.

"Inapakwa! Jamani, benki inapakwa!"

Foleni ikafika kiwanda cha sabuni, na wengine walitoka kazini na mapovu mikononi. Fundi akapiga kelele kutoka juu, "Ni madirisha tu! Madirisha!" Hapo ndipo alipoharibu kabisa. Mtu anayeapa hivyo, watu walisema, ana lake jambo. Benki iliponea chupuchupu, kwa fedha iliyokwenda kuazimwa mbio mbio kwa wenye sabuni.

Jioni yake meneja alifika nyumbani kwa Fundi, tai imelegea. Mke hakuwapo; alikuwa amekwenda kupeleka nguo.

"Mzee wangu," alisema meneja, "tunataka kukupa kazi ya kudumu."

"Kupaka nini, bosi?"

"Kutopaka. Wewe na ngazi yako msionekane mtaa ule. Kila mwezi tutakuingizia kitu kwenye akaunti."

"Akaunti ya wapi?"

"Kwetu, mzee. Wapi kwingine?"

Fundi alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha akakubali. Maisha yake yote hakuwahi kulipwa vizuri namna ile, na sasa alilipwa kwa kukaa. Hakumwambia mkewe. Alipanga siku ya kununua nyumba amwekee fedha hiyo juu ya yake, amwone anavyoshika mdomo.

Mvua zikapiga, jua likapiga. Jina la Benki Thabiti likaanza kubambuka, na hakuna aliyethubutu kuligusa.

"Benki wamekuita kupaka?" mke aliuliza kila mwezi, akijikanda kiuno.

"Hawajaniita."

Ilikuwa kweli tupu. Mke akazidi kuweka, na mji mzima ukaweka naye. Ngazi imelala uani kwa Fundi, walisema, kwa hiyo fedha nayo imelala salama. Kuku waliipenda sana ngazi ile, na majirani walipita kuchungulia kama bado wapo juu yake.

Jumatatu moja Benki Thabiti haikufungua, wala meneja hakujulikana aliko. Kabla ya saa sita uani kwa Fundi hapakuwa na pa kuweka mguu.

"Fundi, mbona hukutuletea ngazi?" mfumaji mmoja mzee alilia. Hakumlaumu meneja. Alimlaumu Fundi, kama mtu anayelaumu mvua kwa kutonyesha.

Mke akasimama mlangoni, mikono kiunoni. "Mwacheni mume wangu! Angejuaje, na hawakumwita? Na yangu si imeliwa humo humo?"

Alimtetea mpaka sauti ikakauka, na kila neno lilimchoma Fundi kuliko matusi ya wale wengine. Watu walipoondoka akamwambia yote. Aliona aibu hata ya kutazama ndoo ya mkewe ya kufulia.

Mke akakaa kizingitini. "Kwa hiyo walikulipa ili mimi nisijue."

"Nilitaka nikushtue, mke wangu. Kwa furaha."

"Umenishtua."

Akarudi kwenye ovaroli zake. Nyumba ilinunuliwa na shemeji wa meneja, mtu mwenye busara ambaye hakuwahi kuweka hata senti Benki Thabiti. Kodi akaipandisha.

Mwaka uliofuata ikaja benki ya nne. Kijana nadhifu akamwita Fundi aandike jina jipya kwa kijani. Fundi aliinama kuinua ngazi, akaona upande wa pili umekwisha inuka. Mkewe ameushika, mikono yake imebabuka kwa saruji. Walivuka mtaa hivyo, mmoja mbele, mmoja nyuma. Safari hii hakuna aliyekimbilia foleni, kwani hapakuwa na mwenye cha kutoa. Watu walisimama tu wakatazama.

Mke aliishikilia ngazi kutwa nzima. Jioni yule kijana akatoka na tabasamu pana.

"Kazi safi, mzee! Tukufungulie akaunti, tukuwekee malipo yako humo?"

Fundi, brashi mkononi, akatazama chini.

"Taslimu, mwanangu," alijibu mama kutoka mguuni pa ngazi. "Na unipe mimi."