Fundi aliyemshushia mdogo wake pikapu mara mbili

Saa mbili na robo asubuhi, mwanamke mwenye ovaroli iliyopauka magotini amelala chali juu ya katoni, chini ya pikapu nyeupe. Kinachoonekana ni viatu vyake tu. Mkono mmoja unatokeza, unapapasa sakafu hadi unaipata spana namba kumi na tisa, kisha unarudi chini ya gari.

"Ukiona nimenyamaza usidhani nimelala," anasema kutoka huko. "Nati yenye kutu inataka ubembelezi, kama mkwe."

Hapa gerejini, nyuma ya maduka ya mbao, wanamwita Bi Springi. Ana umri wa miaka arobaini na saba, na ishirini na sita kati ya hiyo ameitumia chini ya magari ya watu. Alifundishwa kazi na mjomba wake, ambaye hakuamini kwamba binti angeiweza.

"Alinipa siku tatu nitakuwa nimechoka. Siku ya nne akanipa ovaroli."

Kwa mwezi hupokea magari kama kumi na mawili. Mengi huletwa yaongezewe springi ili yabebe mzigo mzito. Matatu au manne huletwa na vijana wanaotaka kinyume chake: gari lishuke, bodi ikaribie kuramba lami. Yeye huwauliza wanatafuta nini huko chini, wanacheka, wanalipa.

Pikapu inayopendwa kwa kazi hiyo ni ile inayosukumwa na magurudumu mawili ya nyuma peke yake, kwa sababu mbele ina nafasi ya kushuka. Fundi hulegeza vyuma viwili virefu vinavyobeba uzito wa mbele kwa kujisokota. Nyuma, huchomeka kipande cha chuma kati ya springi, yale mabapa ya chuma yaliyopangwa jani juu ya jani, na ekseli inayobeba magurudumu, kisha hubana vyote pamoja kwa yubolti ndefu zaidi, zile bolti zilizopindwa zikakumbatia ekseli. Ni kazi ya siku nzima kwa mtu asiye na papara.

Hii nyeupe ameishughulikia kwa siku tatu.

Mwenye nayo ni mdogo wake, mzaliwa wa mwisho, mwanamume wa miaka thelathini na minne anayetengeneza simu kwenye baraza ya nyumba wanayoishi pamoja. Miguu yake haifanyi kazi tangu ajali ya miaka sita iliyopita. Kila anapopanda gari, hubebwa mzegamzega na watu wawili, na hilo, kwa maneno yake, ndilo linalomchosha kuliko ugonjwa wenyewe. Amedunduliza miaka minne akanunua pikapu ya mkono wa pili, yenye gia za kujibadilisha. Mchomeleaji mmoja amemwekea vyuma vya kukanyagia breki na mafuta kwa mkono. Anataka kusambaza trei za mayai kwenye maduka, na anataka kuingia garini mwenyewe.

Kiti chake cha magurudumu, pamoja na mto, kina urefu wa sentimita hamsini na nane kutoka chini. Kiti cha pikapu kilikuwa na sitini na saba. Sentimita hizo tisa ndizo zilizomleta kwa dada yake.

"Nilimwambia wapo mafundi wengine," anasema Bi Springi, sasa amejiburuta nje, anafuta mikono kwa tambara. "Akaniambia, 'Dada, nitamwamini nani kama si wewe?' Sikulala."

Mwandishi alikwenda pale kuandika habari za mwanamke fundi, ile habari ambayo wasomaji wameshaisoma mara nyingi. Kabla chai haijapoa, akajikuta ameshika habari nyingine, na akaombwa asiichapishe mpaka mtu mmoja aambiwe kwanza.

Miaka sita iliyopita mdogo wake alikuwa na pikapu kama hii, ya kubebea samani. Alikuwa anakaribia kuoa na alitaka ishushwe, ipendeze siku ya harusi. Aliileta Ijumaa mchana, wakati dada yake alikuwa na magari matatu ya wateja uani na kila mwenye gari amesimama kichwani pake.

Ipo njia ya mkato, na kila fundi wa springi anaijua. Unachukua mtungi wa gesi ya kuchomelea, unaichoma springi ikiwa palepale garini mpaka iwe nyekundu, na gari linashuka lenyewe kwa uzito wake. Haimalizi hata nusu saa. Mjomba wake alimkataza, naye alikuwa anawakataza wengine.

"Chuma cha springi ukikichoma hivyo, nguvu yake inakwisha. Nilijua. Nikajiambia, huyu ni wa nyumbani, wiki ijayo nitamwekea nyingine. Mteja nisingemfanyia vile. Wa nyumbani ndiye aliyengoja, na ndiye niliyemlipulia kazi."

Wiki hiyo nyingine ilipita bila springi kubadilishwa, na iliyofuata pia. Siku ya kumi na tisa, pikapu ikiwa na makabati matatu, springi ya kushoto ilikatika kwenye kona. Ekseli ikahama, gari likabingirika. Kijana alikaa hospitali miezi minne. Harusi haikufungwa, na mchumba alikuja kuaga kwa adabu na machozi.

Ripoti ilisema mzigo ulizidi. Bi Springi alipokwenda kuchukua vitu vya mdogo wake kwenye gari lililokunjamana, aliinama akaangalia. Springi ilikuwa imekatika mahali moto ulipopita. Rangi ya bluu ya kuungua ilikuwa bado ipo.

"Nilichukua vitu, nikafunga mlango, nikaondoka. Nikasema nitamwambia akipona. Hakupona."

Lililomtafuna zaidi ni kwamba kijana aliamini ripoti. Kwa miaka sita amekuwa akijilaumu, akiwaambia watu ni tamaa yake ya kubeba makabati matatu badala ya mawili. Miaka miwili iliyopita, mama yao akiwa taabani, kijana alimwomba radhi kwa kumzeesha na uuguzi. Mama akamjibu kwamba tamaa ni ya ujana, ameshamsamehe. Bi Springi alikuwa amesimama mlangoni na beseni la maji.

"Mama akafa na jambo ambalo si kweli. Hilo siwezi kulirudisha. Lakini huyu hawezi kupanda gari nililolishika mimi bila kujua."

Saa nne kasoro, mdogo wake anaingia uani akisukuma magurudumu mwenyewe, shati limepigwa pasi. Anaizunguka pikapu, anapiga mluzi.

"Imekuwa fupi kama mjomba," anasema.

"Tulia kidogo, nina neno. Kaa."

"Dada, mimi nimekaa tangu mwaka ule."

Hacheki peke yake. Hata mafundi wa karibu wanacheka. Bi Springi anawaomba watoke, nao wanatoka. Kisha anapiga magoti mbele ya kile kiti, na maneno yanamtoka bila kupangwa.

"Mzigo wako haukuzidi. Ile springi niliichoma moto. Ijumaa ile. Ilikatika palepale nilipoichoma, niliiona kwa macho yangu, nikanyamaza. Ni mimi, mdogo wangu. Si makabati."

Kijana anaangalia mikono yake.

"Mama alijua?"

"Hapana."

"Kwa hiyo amekwenda akijua ni tamaa yangu."

"Ndiyo."

Anatikisa kichwa polepole, kama mtu anayejumlisha jambo lisilokubali. Halafu anaionyesha pikapu kwa kidevu.

"Na hii?"

"Sijaipitishia moto. Nimeweka chuma, nimefunga yubolti mpya."

"Nionyeshe."

Dada yake anaweka jeki na stendi, gari linanyanyuka. Anadhani atamwelekezea kwa tochi tu. Kijana anajishusha kutoka kitini, anaanguka upande mmoja juu ya katoni, na dada yake anapotaka kumsaidia anasema, "Usinishike." Anajivuta kwa viwiko, miguu ikimfuata, mpaka chini ya ekseli. Shati la pasi limeshakuwa jeusi.

Bi Springi analala kando yake, ameshika tochi. Kijana anapitisha vidole kwenye springi jani kwa jani, upande wa kushoto, kisha wa kulia, akitafuta ile bluu. Mwandishi, aliyechutama pembeni, aliona haya kuwa pale, na anaungama kwamba hakuondoka.

Haipo. Kijana anatoka vilevile alivyoingia, anapanda kitini kwake, gari linashushwa. Anaegesha kiti mlangoni, anaweka kibao katikati, anateleza. Mara moja tu, na yumo ndani ameshika usukani. Kwa miaka sita hakuna aliyeliona hilo. Hakuna anayepiga makofi.

Anakikunja kiti, anakiingiza upande wa abiria, anawasha gari.

"Jumatatu ijayo lazima irudi," anasema dada yake akiwa dirishani. "Yubolti mpya hulegea zikishazoea. Lazima zikazwe tena."

"Nimesikia," anajibu, na kuondoka. Jioni hiyo alilala kwa rafiki yake, na hajarudi nyumbani hadi leo.

Kwa simu, aliruhusu habari hii iandikwe. "Andika, watu waache kuchoma springi," alisema. Alipoulizwa kuhusu dada yake, alisema ana maduka yanayomsubiri. Mayai ameanza kusambaza.

Makala haya yanakwenda mtamboni Jumamosi. Kwa Jumatatu hiyo, keshokutwa, Bi Springi amekataa gari la mteja yeyote. Amefagia nafasi moja uani na kuiacha wazi. Ujumbe mmoja tu ndio aliomtumia mdogo wake, wenye ukubwa wa spana na jinsi ya kukaza.

"Akija kwangu nitamshukuru Mungu," anasema. "Asipokuja, aende kwa fundi yeyote, hata yule jirani anayenisema vibaya. Sitauliza. Ninachoomba zikazwe tu."