Mboji ya Cuddy Heslop

Cuddy Heslop alikuwa mbishi, na nasema hivyo mimi niliyempenda. Kwa miaka thelathini bustani yangu na yake zilipakana nyuma ya mgodi uliofungwa, kaskazini mwa Uingereza, mahali ambapo karibu kila mstaafu analima liki, mboga nene za jamii ya vitunguu, za mashindano na karibu kila mstaafu anaamini jirani yake atakuja kuzifyeka. Wala hawakosei. Liki hufyekwa kweli, na nimeona wanaume wazima wakitoana meno kwa ajili hiyo.

Kila mwaka chama chetu kiliagiza lori zima la mboji ya mifuko, ile ya kazi zote, unayoweza kuoteshea mbegu, kujazia vyungu na kutandaza kwenye matuta. Mchaguzi alikuwa Cuddy. Alifumbata konzi moja: ikichuruzika maji, hapana, ikibaki tonge gumu, hapana, ilitakiwa ishikane, kisha imeguke akiigusa kwa kidole. Aliinusa. Ikimchoma pua, bado haijaiva. Alichambua vijiti na vipande vya plastiki. Mwisho alipanda maharagwe sita kwenye chungu na kungoja wiki tatu, kwa sababu dawa ya magugu inaweza kupita kwenye nyasi, ikapita tumboni mwa ng'ombe, ikajificha ndani ya mboji bila pua kujua. Haragwe linajua. Majani yake hujikunja kama ngumi.

Mwaka ule alikataa kungoja, na kisa ni Alf Stobbart, kaka wa marehemu mkewe. Alimchokoza kwenye mkutano, mbele yetu sote.

"Shemeji, watu wanataka kupanda, wewe bado unaagua kwa maharagwe? Tukuletee na kuku mweusi?"

Watu walicheka. Na mimi nilicheka.

"Leteni hii hii basi," Cuddy alisema. "Mkija kulia, msinitafute."

Ikaletwa. Kwenye mboji hiyo Cuddy alipanda nyanya za Maureen, mkewe. Maureen alifariki msimu uliotangulia wa majani kupukutika, na nyanya zile alizirithi kwa mama yake. Kila mwaka alikausha mbegu na kuzitia kwenye bahasha. Hazipo dukani. Cuddy alimwaga bahasha yote, ikachipua miche kumi na miwili. Ikifa hiyo, basi, zimekwisha.

Mwezi wa sita majani yakaanza kujikunja. Cuddy aliniita kwenye kibanda chake cha vioo. 

"Hii ni dawa ya magugu, Hilda. Kuna mtu amenipulizia."

"Isije ikawa mboji, Cuddy."

"Mboji gani? Nenda kaziangalie liki za Alf. Mboji hiyo hiyo, lori hilo hilo, na zimenenepa kama mkono wangu. Tangu Maureen aolewe na mchimba makaa kama mimi, yule bwana hajanisamehe."

Liki hazikuwa ushahidi. Dawa ile huua mimea ya majani mapana na kuziacha nyasi na liki zikistawi. Cuddy alilijua hilo kuliko sisi sote, lakini hasira ilikuwa imeshampofusha.

Kesho yake asubuhi tulifika pamoja tukamkuta Alf anatoka kwenye kile kibanda, kitu kimetuna ndani ya koti lake.

"Shemeji, nilikuwa nakuta..."

Hakumaliza. Cuddy alimpiga taya kwa bapa la sepetu, na mlio wa mfupa niliusikia. Alf alianguka kinyumenyume ndani ya kibanda, akaiangusha meza ya miche, na vioo vikammwagikia. Cuddy akamfuata, akamkanyaga mkono, akampiga tena begani. Nilimkaba shingo kwa nyuma. Kiwiko chake kiling'oa jino langu la mbele. Mzee wa miaka sabini na mbili, mapafu yamejaa vumbi la makaa, na sikumweza. Alikuwa akiikanyaga miche ya mkewe kwa buti zake mwenyewe na haoni.

Kisha akachukua kisu, akavuka njia, akazifyeka liki za Alf moja baada ya nyingine, anakohoa, anafyeka, huku Alf akimtazama kutoka chini, damu imemjaa kinywani. Alifyeka zote. Niliwapigia simu watu wa ambulensi nikiwa natema damu.

Wakati tunawangoja nilimfungua Alf koti apumue. Ndani kulikuwa na chungu kidogo, kimepasuka. Maharagwe sita, yote yamejikunja kama ngumi. Kwenye kijiti chake Alf alikuwa ameandika: *Mboji yetu. Mei 18.*

Nilimpelekea Cuddy. Alikisoma kile kijiti muda mrefu, kisha akakaa chini palepale katikati ya liki.

"Alikuja kuniambia niihamishe miche," alisema.

Niliona uchungu, tena kosa halikuwa lake peke yake. Maana mimi nami nilicheka siku ile.

Wiki iliyofuata, polisi walipomwachia Cuddy kwa dhamana angoje kesi, Alf alinitumia ujumbe nimlete hospitali. Nilimlazimisha aende. Taya la Alf lilikuwa limefungwa kwa waya na jicho moja limefunikwa bandeji. Nilidhani angegeukia ukutani. Badala yake aliomba kalamu kwa ishara, nikampa, akaandika polepole kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia ulikuwa kwenye plasta. Akamgeuzia Cuddy karatasi.

*Nyanya za dada zinaendeleaje?*

Cuddy alivua kofia yake.

"Zimekufa, shemeji," alisema. "Nimeziua mimi."