Kilio Kisichokuwa na Maiti

Mwanangu, kuja ukae hapa karibu. Tangu juzi nawasikia, wewe na wenzako, munabishana kwenye baraza yangu: ekipe imubakize yule muchezaji wenu mupendwa, ao imufukuze. Nimenyamaza. Lakini basiketi mimi naijua kabla mama yako hajazaliwa, na ninyi munaongea sawa muliivumbua. Iko muchana mumoja ambao haujatoka ndani yangu. 

Nilikuwa musichana wa kutumwa maji. Tuliishi kambi ya reli, baba yangu akifanya kazi kwenye magari ya moshi. Kila Siku ya Mungu, kisha misa, kambi nzima ilienda kwenye kiwanja cha simenti nyuma ya depo. Ekipe yetu ilikuwa na Kisimba. Murefu, mikono sawa makasia. Akiruka, wamama walisema, “Shuka sasa, baba,” kwa sababu alikawia huko juu.

Halafu goti likamuharibikia. Alirudi akichechemea, na ekipe ikaanza kupigwa. Hapo kambi ikagawanyika. Hawa walisema Kisimba abaki, huyu njo alitupa jina mpaka Kigoma. Wale walisema aondoke, iko kijana wa Uvira anangoja nafasi. Watu waligombana kwenye bomba la maji, waligombana kwenye mulango wa kanisa, bwana na bibi walilala wamegeuziana mugongo. Komite ya ekipe iliogopa. Nani atamufukuza muntu anayependwa hivyo? Na kati ya wote waliotaka aondoke, hakuna hata mumoja aliyemuendea kumuambia. Walimusalimia, walimuuliza goti, walicheka naye.

Desturi yetu unaijua, maana bado munaifanya. Ekipe ikipigwa, walioshinda wanaifanyia kilio. Wanatengeneza sanduku, wanalifunika na rangi za walioshindwa, wanavaa majani kichwani, wanalia kwa uongo njia nzima, na kila muntu anacheka, hata wanaoliliwa. Sioni ubaya. Ekipe haikutoka katika tumbo la muntu.

Iko Papa mumoja, Safari, karani wa bandari, mudomo wake sawa honi ya meli. Huyu akasema tumufanyie Kisimba kilio, aelewe mwenyewe, aondoke. Akaja kwa nkambo yangu, Feza, mama wa mama yangu. Katika kambi yetu, muntu akifa, hakuna aliyelia kwa sauti kabla Nkambo Feza hajafungua kilio. Safari alitaka amufungulie na hiki.

Nkambo alikuwa anachagua ndakala, wale samaki wadogo wakavu, kwenye lungo. Hakuinua kichwa.

“Kisimba amekufa?”

“Hapana, Mama. Ni muchezo tu.”

“Basi enda umuambie aondoke. Mudomo unao.”

“Mama, muntu mukubwa anaambiwa vile? Atasikia vibaya.”

“Na mukimulilia, atasikia vizuri?”

Safari alicheka, akaenda zake. Walifanya bila Nkambo.

Walichukua sanduku la samaki, wakaweka ndani jezi ya Kisimba mwenyewe, waliyoitoa kwenye kamba ya nguo kwao. Na pahali pa kuita jina la ekipe, waliita jina lake, na jina la baba yake, vile tunaita maiti. Mimi na wasichana wenzangu tulifuata nyuma tukicheka.

Tulipopita kanisa, kicheko kikaanza kutoka katika ile sauti, kidogo kidogo, sawa maji yanatoka kwenye ndoo yenye tundu. Wamama walikuwa na machozi ya kweli. Walipangusa, yakarudi. Mumoja akamuuliza mwenzake, “Tunamulilia nani?” Mwenzake akamutazama, hakujua. Safari mbele yetu, mudomo wazi, alikuwa analia na hawezi kuufunga.

Tulifika pale muto Lukuga unatoka ziwani. Yale maji hayarudishi kitu, yanabeba matete, yanabeba mitumbwi iliyofunguka. Wakatupa sanduku. Sanduku halikuenda. Lilibaki katikati ya maji yanayokimbia, likigeuka polepole, sawa mugonjwa anatafuta ubavu wa kulalia. Watu walirudi nyumbani bila kuagana.

Kesho yake nilikuwa pembeni ya kiwanja wakati wa mazoezi. Kisimba alisimama peke yake chini ya ringi, mikono juu, anaomba mupira. Hakuna aliyemutupia. Usifikiri walimufanyia kusudi. Nilitazama macho yao. Yalipita juu yake vile macho yanapita ukuta. Kwenye bomba, watu waliingia pahali pake katika mustari. Na nyumbani kwake, mama yake, Mama Anjela, ambaye hakutoka lakini alisikia jina la mutoto wake likililiwa barabarani, alipakua bukari, ugali wetu, akawapa wadogo, akafunika chungu. Kisimba amekaa pale pale. Mama anaimba chini chini wimbo wa kilio, hajui kama anauimba.

Njo Kisimba akaja kwetu. Alisimama mulangoni, jua nyuma yake.

“Mama, unaniona?”

Nkambo akamutazama. Akamutazama muda murefu, macho ameyakaza, sawa anayetafuta mutumbwi mbali ndani ya ziwa. Hapo njo niliogopa kweli, kwa sababu Nkambo hakuwa na ugonjwa wa macho.

“Nakuona, mwanangu,” akasema. “Lakini kwa nguvu.”

Akatoka mwenyewe, akapita nyumba kwa nyumba, akaita wote waliolia waje muchana kwa Mama Anjela. Walipojaa uani, akawasemesha bila kupandisha sauti. Kilio kikifunguliwa kinataka maiti, aliwaambia. Ninyi mumekifungua bila maiti, sasa kinamutafuta.

Walifikiri ataleta dawa. Hakuleta hata jani. Alimukalisha Kisimba kwenye kiti katikati ya ua, akasema kila aliyelia atakaa mbele yake, atashika mukono wake, na atasema neno lile alikuwa anaficha. Safari akawa wa kwanza, shati imelowa jasho. Mukono wake ulitafuta kwenye hewa mpaka Nkambo akaukamata, akautia katika mukono wa Kisimba.

“Kisimba,” Safari akasema, “sikutaki tena katika ekipe. Goti limekwisha. Na wewe unapenda kupigiwa makofi kuliko ekipe kushinda.”

Kisimba akamutazama, kisha mabega yake yakaanza kutikisika.

“Sasa njo umenitukana sawa muntu anatukana muntu,” akasema. “Asante, Safari.” Na akacheka.

Mama Anjela akashituka, sawa mutoto wake ameingia kwenye mulango saa ile ile. “Wewe,” akasema, “umekula?”

Wote wakapita. Hawa walimuambia abaki, wale walimuambia aondoke, mumoja alimuambia mambo ya mbuzi iliyopotea, hayakuhusu ekipe hata kidogo. Kisimba alisikiliza yote. Mwisho akasimama, akasema kwa mudomo wake atamuachia nafasi kijana wa Uvira, na yeye atafundisha vijana kuruka. Hakuna aliyepinga. Komite ilipumua.

Lakini iko mumoja aliyelia na hakufika. Donati, fundi wa treni. Alikuwa ametoka na gari la moshi la Kabalo kabla ya ule muchana wa kwa Mama Anjela, na aliporudi aliona haya kwenda peke yake. Aliishi katika kambi yetu miaka mingi kisha pale. Kisimba alimusalimia, Donati akapita. Siku moja kanisani walikaa benchi moja, na Donati akavua kofia, akaiweka juu ya mapaja ya Kisimba, vile unaweka kofia pahali tupu. Kisimba akaishika hivyo mpaka misa ikaisha.

Mwanangu, asubuhi hii nimeona kwenye telefone yako picha ya yule muchezaji wenu. Mumemuwekea mushumaa na kitambaa cheusi, na wenzako wanaandika apumzike kwa amani, wanacheka. Yule ana mama, na mama yake ana telefone. Ifute sasa, nikikutazama, na uwaambie wengine wafute. Kisha mukitaka aondoke, muende kiwanjani, mumuite, mumuambie mukimutazama usoni. Mukitaka abaki, muende vilevile. Atakasirika, atawatukana, muache atukane, hasira ya muntu inapita. Aliye hai tunamuambia. Kilio tunakiacha kwa aliyekwenda. Na ukikosa nguvu ya kumuambia muntu neno mbele yake, usilisemee nyuma ya mugongo wake, wala kwa kicheko, wala kwa picha, wala kwa wimbo.

Mungu akupe mudomo usioogopa uso wa ndugu yako. Akupe macho ya kumuona kila unayepishana naye njiani. Na wewe, popote miguu itakupeleka, waite jina lako ukingali na pumzi, nawe uitike.