Émilienne, Mwalimu Aliyefeli Kila Alhamisi

Mji wetu wa Baraka, huku Kongo, umeona walimu wa kila namna: wakali, walevi, hata mmoja aliyesinzia huku chaki ikiwa mkononi. Lakini aliyefundisha kwa kukosea ni Émilienne peke yake. Habari yake naipenda kwa sababu wenye akili ndani yake si wale waliodhani wanazo.

Mwaka 1955 alirudi kwao na cheti cha mkunga msaidizi. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, hana mume, hana mtoto. Zahanati ikampa kazi: kila Alhamisi akusanye wakunga sita wazee wa Baraka na vijiji vya jirani, awafundishe kuchemsha wembe kabla ya kukata kitovu. Wakati huo, kwa sababu ya nyembe chafu, vichanga vilikuwa vikipata pepopunda, vikikakamaa mwili na kufa kabla ya kutimiza majuma mawili. Mtoto wa dada yake alikufa hivyo, na jambo hilo lilimuuma kuliko alivyopenda kuonyesha.

Sasa tazama ugumu wake. Kwetu, mwanamke ambaye hajazaa hasemi habari za uzazi mbele ya waliozaa. Anasikiliza. Siku ya kwanza Émilienne akasimama ubaoni, akaeleza vizuri, akachemsha wembe kwenye sufuria mbele yao. Wazee wakatazama sakafu. Mama Zubeda, mkubwa wao, aliyezalisha nusu ya mji, akafungua karanga zake akaanza kutafuna. Mwishowe wote wakaitikia "ndiyo", wakaenda zao. Ilikuwa "ndiyo" yenye adabu tele na isiyo na maana yoyote.

Alhamisi ya tatu, kwa uchovu tu, Émilienne akamlaza mezani mtoto wa kitambaa aliyemshona kwa ajili ya mafunzo, mwenye kitovu cha kamba ya mgomba, akatoa wembe mfukoni na kutaka kukata. Sufuria ameisahau kabisa.

"We mutoto," akasema Mama Zubeda, karanga bado mdomoni, "ile wembe haukuichemsha."

Émilienne akautazama wembe, akauliza kwa sauti ya upole, kama asiyejua kwamba wembe huchemshwa, "Kumbe wembe banaichemshaka?"

Hapo ndipo ujanja ulipoanza. Wote sita wakadakia kwa pamoja. Mmoja akamnyang'anya wembe, mwingine akamuuliza alisomea wapi. Kufundishwa na msichana ni aibu, lakini kumfundisha msichana ni wajibu, na wajibu huo waliutimiza kwa raha zote.

Tangu siku hiyo kila Alhamisi alikosea jambo moja, na alilichagua kwa makini. Akasahau sabuni. Akafunga kitovu kwa uzi uliokwisha kuanguka chini. Mara moja akampaka yule mtoto wa kitambaa majivu kitovuni, na nusura apigwe. Akawagawa wazee wawili wawili wamsahihishe kwa zamu, wakaanza kushindana nani atamgombeza vizuri zaidi.

Mwaka uliofuata daktari mkaguzi, Mzungu, akatuma habari kwamba anakuja. Kama wazee hawajajifunza, darasa litafungwa nao watakatazwa kuzalisha. Émilienne alijua maana yake: wangezalisha kwa kujificha, kwa nyembe zao zilezile za zamani. Isidore, muuguzi mkuu, mtu wa kupiga pasi suruali moja mara mbili, akamwita bureau, ofisini kwake.

"Kesho utasimama droit, wima, utaongea we mwenyewe," akamwambia. "Bale bamama banyamaze."

"Mi nikiongea, batanyamaza kweli, Munganga. Ndiyo matata yenyewe." Kwetu muuguzi naye huitwa munganga.

Aliogopa, tusifichane. Akifundisha vizuri, atasifiwa yeye na darasa litakufa. Akikosea, ataonekana mjinga mbele ya daktari yuleyule aliyetia sahihi cheti chake.

Kesho yake daktari akaketi mlangoni na daftari lake. Émilienne akavuta pumzi, akachukua wembe mkavu, akakata.

Wakamvamia. Mama Zubeda alimsukuma kando, akachemsha maji, akaosha mikono mpaka viwiko, akakata, akafunga, huku akimsimanga kwa Kiswahili na Kibembe. Wale watano kila mmoja akaongeza kosa jingine aliloliona. Isidore alijifanya anatafuta kitu kabatini.

Barua ya daktari ilisema hivi: wazee wanaijua kazi, waendelee kuzalisha. Msaidizi Émilienne ni dhaifu sana. Ahudhurie darasa hilo mpaka wazee wathibitishe kwamba amefaulu, ndipo ahamishiwe mji wa Uvira.

Émilienne alicheka mpaka akakaa chini. Baadaye alilia kidogo, maana kuitwa dhaifu kwenye karatasi yenye muhuri kunauma hata kama umekutafuta mwenyewe.

Kila miezi sita Isidore aliwauliza wazee kama amefaulu. "Bado," walijibu. Ikapita miaka mitatu. Vichanga vya kukakamaa vikawa vya kuhesabika kwa vidole, na Isidore akaishiwa na subira.

"Mama Zubeda, huyu mutoto anajua kazi kunipita hata mimi. Juu ya nini munamuangusha?"

"Tunajua anajua," akasema Mama Zubeda. "Ile siku ya kwanza ya kukosea ndiyo alisahau kweli. Zingine zote alikosea kwa kusudi, tukamuachilia. Tukisema amefaulu, mutamupeleka Uvira. Halafu siye tutagombeza nani?"