Vidonge vya Mbwa na Mashavu ya Dada

Chwalap, chwalap, chwalap. Mlio huo bado ninao masikioni: ulimi wa mbwa wetu kwenye beseni la maji, mchana kutwa. Tangu aanze vidonge alikunywa kama aliyefika Tabora na misafara ya zamani kutoka Ujiji, kwa miguu.

Alikuwa na saratani ya ngozi, uvimbe pajani. Daktari wa mifugo alisema pale hapakatiki, akampa vidonge vya steroidi. "Havitamponya, vitaubana tu. Na usikatishe ghafla, mwili utagoma. Tutapunguza taratibu." Mimi wa kidato cha pili nikajiandikia kiganjani: USIKATISHE.

Uvimbe wa ukubwa wa limau ukawa wa harage. Mbwa akanenepa, anakula hadi maganda ya viazi. Dada yangu, aliyekuwa aolewe baada ya Idi, akamwonea wivu.

"Mbwa ana mashavu, mie mifupa. Bibi harusi nani hapa?"

"Wewe. Ila yeye ndiye kapendeza."

Tukacheka.

Nikaenda Kigwa siku nne kumuuguza bibi, vidonge nikamwachia dada. Kule sikutulia hata kidogo. Kila treni ikipiga honi nilitamani kuirukia. Niliporudi nilikuta beseni limejaa pomoni, maji yameota vumbi. Mbwa kajilaza ukutani, anatetemeka, kichwa hanyanyui.

"Dada, dawa ulimpa?"

Akajishika mashavu. "Nilimeza mimi. Mashoga zangu wote wanasema vinanenepesha. Nikajua siku nne tu, mbwa atajuaje?"

"Mtazame alivyojua!"

Akaangua kilio, nami nikashindwa kumgombeza. Nikampigia daktari. Akasema nimpe mbwa kipimo kilekile sasa hivi na nimpeleke kesho asubuhi. Na huyo dada aende hospitali ya watu, leo hii. Dada akafungua fundo la kanga, akanirudishia vilivyobaki, akavaa baibui na kutoka bila kuaga.

Nikabaki peke yangu uani. Nikaficha kidonge ndani ya tonge la ugali, nikalichovya kwenye asali, nikamshika mbwa taya hadi akameza. Kisha nikamwaga maji yale ya vumbi, nikajaza mapya, nikachuchumaa kando ya beseni kuusubiri ule mlio.